Dawa Iliyo Topeni: Mimea ya Kinamasi cha Rufiji na Afya ya Watu wa Mahege

Mgonjwa anayefika zahanati akiharisha, aghalabu hakuanzia hapo. Alianzia nyumbani, kwenye sufuria iliyochemshiwa magome ya mti uotao topeni. Jirani alimwambia kuwa gome hilo hukaza tumbo, na bibi yake alimwambia vivyo hivyo alipokuwa mtoto. Akanywa kikombe, akanywa na cha pili, akasubiri usiku upite. Tumbo lilipokataa kutulia, akavaa kanga, akambeba mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati. Mhudumu atakapomuuliza ametumia dawa gani, atajibu kwamba hajatumia chochote. Hajibu hivyo kwa sababu ni mwongo. Hajibu kwa kuwa anaona haya, au kwa kuwa gome, kwake yeye, si dawa ya kutajwa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Mahege ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, katika nchi inayoishi kwa rehema na hasira za Mto Rufiji. Yeyote aliyewahi kuhudumia wagonjwa katika nchi hiyo anakijua kisa hiki, maana kinajirudia kila masika. Makala haya yanaizungumzia ile mimea iliyomo ndani ya sufuria, na kile kinamasi kinachoizaa. Tunayaandika kwa ajili ya wahudumu wa afya na wagonjwa kwa pamoja, kwa kuwa kinamasi kikiharibika, hasara haitawachagua.

Kinamasi chenyewe

Mto Rufiji hukusanya maji kutoka bonde lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja kati ya tano ya nchi yetu ya Bara. Maji ya nyanda za juu za kusini, ya Kilombero na ya Ruaha Mkuu yote huishia hapa. Yanapokaribia Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia, mto hupoteza haraka yake na kugawanyika katika matawi mengi. Tope lililobebwa safari nzima huachwa hapo, mwaka baada ya mwaka, na juu ya tope hilo ndipo ulipoota msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko mingine yote iliyo mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Hesabu zilizotumika katika miaka ya 1990 ziliuweka msitu huo katika takriban hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara.

Ulinzi wake si wa jana. Serikali ya Kijerumani ilianza kuiwekea mikoko hii masharti ya uvunaji tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa magome yalikuwa bidhaa ya kutengenezea ngozi na boriti zilikuwa zikisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, ambako zilitumika kuezekea nyumba. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya matawi haya, na miti ikaisitiri kwa miezi mingi kabla ya kuangamizwa Julai 1915. Mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea ya bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandaa mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara, kazi ambayo mpaka leo watafiti huirejea. Tarehe 29 Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye hekta 596,908, liliandikishwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran. Mikoko yote ya Bara ni hifadhi ya misitu, na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Hayo ni maandishi ya serikali. Topeni kwenyewe hali ni nyingine, na tutaifikia.

Miti isiyofanana

Mgeni akipita kwa mtumbwi huona ukuta mmoja wa kijani. Mwenyeji huona miti mbalimbali, kila mmoja na mahali pake, kana kwamba imegawiwa viwanja. Kinachoigawa ni chumvi na maji: ni mara ngapi bahari inafika, inakaa kwa muda gani, na maji baridi ya mto yanaichanganya kwa kiasi gani.

Mbele kabisa, mahali ambapo bahari inajaa na kupwa kila siku, husimama mlilana. Mizizi yake hutokeza juu ya tope mfano wa pembe ili kuvuta hewa. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ambao wataalamu huuita Rhizophora mucronata, wenye mizizi iliyopindika kama miguu ya kaa. Mbegu ya mkoko haisubiri kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado juu ya mti, ikawa chipukizi refu mithili ya mkuki, kisha hudondoka na kujichoma topeni au kusafiri na maji. Ndiyo maana wahenga, walipotaka kusema kwamba jambo bado bichi, walisema mkoko ndio kwanza unaalika maua.

Ndani zaidi kuna msinzi na mkandaa. Gome la mkandaa hutoa rangi nyekundu ya kahawia ambayo mafundi wa ngozi na wa nyavu waliithamini sana. Mchu huota mbele na nyuma, kwani huvumilia chumvi kuliko wenzake. Jani lake hutoa chumvi nje, na ukilipapasa mchana wa jua utaikuta imeganda. Pembezoni mwa nchi kavu, mahali ambapo bahari hufika wakati wa bamvua tu, hujificha mti mdogo wa kikandaa.

Kisha kuna miti miwili inayoipa Rufiji sifa ya pekee. Wa kwanza ni msikundazi, Heritiera littoralis, wenye jani lililo kijani juu na lenye mng'ao wa fedha chini, na tunda gumu lenye mgongo uliochongoka kama mkuku wa chombo. Mti huu hupenda mahali ambapo maji ya mto yameishinda chumvi. Sehemu nyingi za pwani yetu hazina mto wa ukubwa huo, kwa hiyo msikundazi huonekana huko kwa uchache. Hapa Rufiji umefanya msitu. Wa pili ni mkomafi, Xylocarpus granatum, wenye gome laini linalobanduka vipande vipande na tunda la mviringo lenye ukubwa wa nazi ndogo, ambalo ndani lina mbegu zenye pembe zilizopangika kama matofali. Ndugu yake, mkomafi dume, ni adimu zaidi.

Ukiiacha chumvi na kupanda kuelekea nchi kavu, kinamasi huwa cha maji baridi. Hapo ndipo ulipo mtomondo, unaoning'iniza shada za maua yanayofunguka usiku na kuanguka majini alfajiri, pamoja na mkindu, matete, ndago na yungiyungi. Mbegu za mtomondo, zikipondwa na kutiwa majini, huwalevya samaki. Kinachowalevya ni kemikali ziitwazo saponini. Tunalitaja jambo hilo mapema kwa sababu mti ulio dawa na mti ulio sumu huota ukingo mmoja, na mara nyingine ni mti ule ule.

Gome linafanya nini tumboni

Imani ya watu kuhusu magome ya mkoko, mkandaa na mkomafi si ya kubuni. Magome hayo yana tanini kwa wingi sana. Tanini ni kemikali zinazoshikamana na protini na kuzikaza. Hicho ndicho kinachogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya kiatu, na hicho ndicho kinachoufanya ulimi ukauke unapokunywa chai iliyokolea. Gome linaposemwa kwamba hukaza tumbo, msemo huo una maana yake ya kikemia.

Lakini kukaza siyo kuponya. Kinachoua katika kuharisha, hasa kwa mtoto, ni upungufu wa maji na chumvi mwilini, na gome halirudishi kimojawapo. Mtoto anaweza kupunguza idadi ya choo na bado akaendelea kukauka. Tiba yake inajulikana na ni rahisi: maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama, anywe kidogo kidogo na mara kwa mara, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Aliye chini ya miezi sita asipewe maji ya magome kwa sababu yoyote ile, kwani maziwa ya mama humtosha. Damu katika choo, macho yaliyodidimia, usingizi usio wa kawaida au kushindwa kunywa ni dalili za hatari, na haziruhusu kusubiri kupambazuke.

Liko jambo la pili, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tanini hushikamana pia na madini ya chuma yaliyomo katika chakula, ikayazuia yasiingie damuni. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu, kisha akanywa maji ya magome kwa ajili ya kiungulia au maumivu ya kiuno, anaweza kuwa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Mhudumu akiona damu ya mama haipandi ilhali vidonge vinaisha, na aulize juu ya magome, na juu ya chai ya rangi vilevile.

Jambo la tatu ni vidonda. Katika nchi za pwani ugonjwa wa matende bado una majeruhi wake, na wapo wanaoosha mguu uliovimba kwa maji ya magome yaliyochemshwa. Ngozi ya mguu wa matende ni dhaifu. Maji ya moto huiunguza, na tanini nyingi huikausha hadi ikapasuka, na kila ufa ni mlango wa vijidudu. Kinachousaidia mguu huo ni kuoshwa kila siku kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni, kukaushwa vizuri hasa katikati ya vidole, kuinuliwa wakati wa kupumzika, na kuvalishwa kiatu kisichobana. Busha nalo lina tiba ya upasuaji; hakuna gome linaloliondoa.

Je, kuna dawa ya kweli?

Tukisema hayo, hatusemi kwamba kinamasi hakina dawa. Historia ya tiba inatufundisha unyenyekevu. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa milima ya Amerika ya Kusini, na atemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria tunazotumia leo, ilitoka katika jani lililoandikwa katika vitabu vya tiba vya Kichina karne nyingi kabla ya maabara kulithibitisha. Mbegu na magome ya mkomafi yana kemikali za kundi la limonoidi, na baadhi yake zimeonyesha katika maabara uwezo wa kuwadhuru vimelea vya malaria. Hilo linastahili kuchunguzwa.

Ila msomaji na atofautishe mambo mawili. Kuua kimelea katika bomba la kioo ni hatua ya kwanza. Hata maji ya betri yanaweza kuua kimelea katika bomba. Swali ni kama kemikali hiyo itaua kimelea ndani ya damu bila kumdhuru mwenye damu, kwa kipimo gani, na kwa muda gani. Kati ya swali hilo na jibu lake kuna miaka ya kazi. Mpaka jibu lipatikane, mgonjwa wa homa anahitaji kupimwa, na akikutwa na malaria anahitaji dawa mseto, dozi kamili.

Nchi yetu haikuipuuza kazi hiyo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili ya tiba asili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyowapa waganga wa asili mahali panapotambulika kisheria na kuwawekea baraza la kuwasajili. Kwa hiyo mganga wa kijijini si adui wa zahanati. Ni mtu mwenye wajibu, na ana maarifa ambayo kitabu hakina: anajua msikundazi unaota wapi, unachanua lini, na umepungua kiasi gani tangu alipokuwa kijana.

Shida moja ni majina. Jina la mti hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mti mmoja waweza kuwa na majina matatu kabla mto haujafika baharini. Mhudumu anapoandika katika jalada kwamba mgonjwa alitumia mkandaa, na amwombe mgonjwa alete kipande cha gome, jani au tunda. Kipande hicho chaweza kuokoa maisha iwapo mgonjwa atapelekwa hospitali kubwa akiwa na dalili za sumu.

Namna mti unavyokufa kwa kutibu

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Ndani ya gome la mti, chini kidogo ya ganda la nje, hupita njia inayobeba chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Ukikata kipande kidogo upande mmoja wa shina, mti hujifunga jeraha lake kama ngozi ifanyavyo. Ukilizungusha panga shina zima na kubandua mkanda wa gome, umekata njia yote. Majani yatabaki kijani kwa muda, mpita njia atadhani mti ni mzima, huku mizizi ikifa kwa njaa. Mchumaji wa dawa mwenye haraka huua mti mmoja kwa ajili ya sufuria tatu.

Hata hivyo tungekuwa wadhalimu kama tungewatwisha wachuma dawa lawama yote. Kisu cha mganga ni kidogo kikilinganishwa na shoka la mkataji wa nguzo na mkaa, na kikilinganishwa na mashamba ya mpunga. Katika miongo ya karibuni maji baridi ya mto yamepita zaidi katika matawi ya kaskazini ya delta. Tope lililokuwa la chumvi likawa linakubali mpunga. Watu wenye njaa walifanya ambalo mtu yeyote mwenye njaa angelifanya: walifyeka mikoko, wakachoma, wakapanda. Kwa misimu kadhaa mavuno huwa mazuri. Kisha magugu huzidi, kaa hukata miche, chumvi hurudi, na shamba huachwa ili lingine lifyekwe mbele. Panapoachwa, mikoko hairudi upesi.

Mkulima huyo si mhalifu wa kuzaliwa. Mara nyingi babu yake alikuwapo kabla ya ramani ya hifadhi, na ugomvi kati ya wenye mashamba na wenye sheria umeacha machungu katika vijiji vya delta. Wananchi hao hao, mwishoni mwa miaka ya 1990, walisimama kupinga mpango mkubwa wa mabwawa ya kufugia kamba ndani ya delta, wengine wakafika mahakamani, na mpango ule haukutimia. Mtu aliyeutetea msitu dhidi ya tajiri hakosi mapenzi nao. Anachokosa ni chakula cha mwaka mzima.

Kinamasi na magonjwa yetu

Kwa nini mganga mkuu wa zahanati ajali habari za mikoko? Kwa sababu nne, zote za kitabibu.

Ya kwanza ni lishe. Kamba, kaa na samaki wengi huanza maisha yao katika vijito vya mikoko, mahali ambapo mizizi huwaficha na majani yaliyooza huwalisha. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa nchini hutoka katika maji ya Rufiji na jirani zake. Msitu ukipungua, protini hupungua katika sahani ya mtoto muda mrefu kabla takwimu hazijasema.

Ya pili ni mbu. Wengine husema kwamba kinamasi kikikatwa, malaria itakwisha. Maji yanayojaa na kupwa kila siku hayampi mbu nafasi nzuri ya kulea viluwiluwi. Maji yaliyotuama ndiyo yanayompa. Shamba la mpunga lililojaa maji baridi, lenye jua na bila kivuli, ni malezi bora kwa mbu wa malaria. Pwani yetu pia ina mbu aitwaye Anopheles merus, anayezaliana katika madimbwi ya maji ya chumvichumvi, na madimbwi ya namna hiyo huongezeka pale ambapo njia za maji zimevurugwa. Na wakulima wanaohamia mashambani kulinda mpunga, wakalala katika madungu yaliyo wazi, wasisahau chandarua chenye dawa nyumbani. Chandarua kimfuate mtu alipo, kwa kuwa mbu hamfuati mtu kwa anwani ya kijiji.

Ya tatu ni maji ya kunywa. Mto unapopungua nguvu wakati wa kiangazi, chumvi ya bahari hupanda kupitia matawi na kufika visimani. Nchini Bangladesh, katika delta inayofanana na yetu kwa mambo mengi, watafiti waliona uhusiano kati ya chumvi katika maji ya kunywa na shinikizo la juu la damu, pamoja na kifafa cha mimba kwa wajawazito. Wakunga wa delta yetu wana sababu nzuri ya kupima shinikizo la damu katika kila hudhurio, na kumuuliza mama maji yake yana ladha gani. Kujazwa kwa bwawa la Julius Nyerere, kulikoanza Desemba 2022, kumefungua ukurasa mpya katika maisha ya mto huu. Maji na tope linaloletwa chini havitafuata tena ratiba ya mvua peke yake. Mikoko iliishi kwa tope hilo, na wanaoangalia afya ya delta hawana budi kuangalia kiasi gani cha maji na tope kinafika.

Ya nne ni dhoruba na mafuriko. Mnamo Aprili 2024 maji yalizifunika ardhi za Rufiji na Kibiti, yakabomoa nyumba na kuharibu mashamba, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikapiga Mafia. Mikoko haizuii mafuriko ya mto, na tusiwaahidi watu jambo hilo. Lakini hupunguza nguvu ya mawimbi yanayotoka baharini na huishika ardhi isimomonyoke. Kila hatua ya ukingo inayobaki ni hatua ambayo mtumbwi wa kumbeba mgonjwa unaweza kuitia nanga.

Tufanye nini

Kwa mhudumu wa afya: uliza juu ya dawa za miti katika kila mahojiano, kama unavyouliza juu ya mzio, na uulize bila kukunja uso. Usiseme, "Umekunywa hayo madude tena?" Sema, "Kabla ya kuja, mlijaribu tiba gani nyumbani?" Mgonjwa atakayedharauliwa leo, kesho atakuficha. Wanaofanya kazi topeni wakumbushe chanjo ya pepopunda, maana mizizi ya mchu na mlilana hutoboa nyayo kama misumari. Wanaonyunyizia viuagugu wafundishe kuvaa glavu na viatu, kufunga pua na mdomo, kuoga na kubadili nguo kabla ya kula, na kutotumia makopo yake kuhifadhia maji.

Kwa mganga wa asili na mchuma dawa: chuma upande mmoja wa shina tu, kwa kipande kisichozidi upana wa kiganja, na mti ulioumizwa mwaka huu uachwe upumzike. Usizungushe panga. Mahali palipo na majani au matunda yanayofaa kwa kazi hiyo hiyo, gome lisiguswe. Na kwa kuwa mti umo ndani ya hifadhi, kibali kiombwe kupitia kamati ya maliasili ya kijiji. Ni heri kuonekana ukiomba kuliko kukamatwa ukijificha.

Kwa mgonjwa: dawa ya mti na dawa ya hospitali zisikutane tumboni bila mtu anayezijua zote mbili kuambiwa. Ukizitumia, zitaje. Hakuna mhudumu mwenye haki ya kukucheka.

Kwa kijiji kizima: panapopandwa mikoko, kila mti upandwe mahali pake. Mkoko haustawi katika kiwanja cha mlilana, na msikundazi hufa katika chumvi kali. Wapo waliopanda maelfu ya miche mahali pasipofaa, wakaondoka na picha nzuri, na bamvua ikachukua iliyobaki. Mara nyingi linalotakiwa ni kuyafungulia maji njia yake na kuiacha mbegu ifike yenyewe, kwa kuwa mbegu ya mkoko imekuwa ikisafiri tangu kabla ya sisi kuwepo.

Turudi kwa yule mama wa mwanzo, aliyefika zahanati na mtoto mgongoni. Tuseme safari hii mhudumu alimuuliza vizuri, naye akaeleza kuhusu lile gome. Mtoto alipewa ORS na zinki, na kabla jua halijatua alikuwa akinyonya. Mhudumu aliandika jina la mti katika jalada, kisha akamwomba mama huyo, atakaporudi kwa uangalizi, aje na jani lake. Hakulikejeli gome. Alimweleza tu kwamba mti ule una kazi nyingine kubwa zaidi: kulea samaki atakaomlisha mtoto huyo akipona, na kushika ukingo ambao siku moja ataupitia kwenda shule. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa watu wa Rufiji sehemu ya kinga hiyo imesimama kwenye tope, ikisubiri maji yajae.